Matumizi ya Taifa na Chungu cha Jikoni: Tanzania na Msumbiji, Ng'ambo Mbili za Ruvuma

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wajumbe wa kamati za Haki na Amani za parokia)



Ndugu wapendwa, viongozi wa Halmashauri za Walei, makatekista, wenyeviti wa jumuiya ndogondogo, nanyi nyote mliofika kutoka vigango vya pwani na vya bondeni. Tumekabidhiwa mada ambayo kwa kuitazama juu juu ni ya wachumi, wala si ya wachungaji. Tumeombwa tueleze matumizi ya taifa ni kitu gani, yanapimwa namna gani, na tukiweka Tanzania upande mmoja na Msumbiji upande wa pili, tangu miaka ya 1990 hadi miaka yetu hii, tunaona nini.

Wapo waliouliza, kwa nia njema, Kanisa linatafuta nini katika hesabu za Serikali. Jibu letu ni fupi. Nabii Amosi hakuwakemea matajiri wa Israeli kwa sababu walifanya biashara. Aliwakemea kwa sababu walipunguza kibaba, wakaongeza uzito wa mawe ya mizani, na kwa njia hiyo wakamnunua maskini kwa fedha kidogo. Kipimo ni jambo la haki kabla hakijawa jambo la hesabu. Na sisi watu wa Mtwara hatuhitaji kwenda Israeli ili kulielewa neno hilo, maana tunaijua kangomba. Mnunuzi anapita vijijini wakati wa njaa, kabla msimu haujafunguliwa, ananunua korosho kwa bakuli lake mwenyewe, na hilo bakuli aghalabu hubeba zaidi ya kilo inayolipiwa. Ndiyo sababu mojawapo ya kuanzishwa kwa mfumo wa stakabadhi ghalani katika mkoa wetu mwaka 2007. Basi, aliyewahi kuibiwa kwa bakuli anayo haki ya kuuliza pia juu ya bakuli linalotumika kulipimia taifa zima.

Kwa nini Msumbiji, na si Kenya au nchi za Ulaya? Kwa sababu Msumbiji ni jirani tunayemwona kwa macho. Wamakonde wako kwetu na wako kwao. Pembe ya Kionga, kusini ya mlango wa Ruvuma, ilikuwa chini ya Wajerumani pamoja na Mtwara yetu, ikapewa Ureno mwaka 1919. Watu wakalala upande mmoja wa dunia wakaamka upande mwingine, bila kuhama nyumba zao. Baada ya mauaji ya Mueda ya Juni 16, 1960, na katika miaka yote ya vita vya ukombozi, walivuka maelfu kuja kwetu, wakafungua mashamba, wakaoa na kuolewa. Hata leo anayetoka Kilambo kwenda sokoni ng'ambo haoni kwamba anakwenda ugenini.

Namna hesabu inavyofanyika

Pato la Taifa, likitazamwa upande wa matumizi, ni jumla ya mambo manne. Kwanza, yale yanayotumiwa na kaya: chakula, mavazi, kodi ya nyumba, nauli, dawa, ada. Pili, yale yanayotumiwa na Serikali kwa huduma, kama mishahara ya walimu na waganga. Tatu, vitega uchumi: barabara, viwanda, mitambo. Nne, bidhaa tunazouza nje baada ya kutoa zile tunazonunua kutoka nje. Tunaposikia kwamba matumizi ya kaya ni sehemu fulani ya Pato la Taifa, ni hilo fungu la kwanza linalosemwa.

Lakini fungu hilo la kwanza linapatikanaje? Hapa pana jambo ambalo wananchi wengi hawajaelezwa kamwe. Katika nchi nyingi maskini, zetu mbili zikiwemo kwa miaka mingi, matumizi ya kaya katika hesabu za taifa hayakupimwa moja kwa moja kila mwaka. Wataalamu walikadiria pato lote, wakaondoa matumizi ya Serikali, wakaondoa vitega uchumi na biashara ya nje, na kile kilichosalia wakakiita matumizi ya kaya. Kwa maneno mengine, ni salio. Na kila mtunza hazina wa jumuiya anajua tabia ya salio: makosa yote ya daftari hukusanyika humo. Gunia la mchele lililovuka Ruvuma usiku kwa mtumbwi, samaki wa Msimbati waliouzwa ng'ambo kwa meticais bila karatasi, yote hayo hayamo katika biashara ya nje iliyoandikwa. Kwa hiyo yanalivuruga salio, huku au kule.

Ipo njia ya pili, na hiyo sisi tunaiamini zaidi. Ni kwenda nyumbani kwa watu. Ofisi ya Taifa ya Takwimu imefanya Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya kwa Tanzania Bara katika miaka ya 1991/92, 2000/01, 2007, 2011/12 na 2017/18. (Zanzibar hufanya wa kwake.) Mdadisi anaichagua kaya, anaiachia daftari, na kila kinachonunuliwa na kila kinacholiwa kinaandikwa. Hata muhogo uliochimbwa shambani kwako na kuliwa bila kupita sokoni unahesabiwa na kupewa bei. Hilo ni jambo la heshima. Linakiri kwamba mama aliyelima, akatwanga makopa na kulisha watoto saba, amechangia uchumi wa taifa hata kama hakushika senti.

Msumbiji nao wamefanya tafiti za namna hiyo: 1996/97, 2002/03, 2008/09, 2014/15 na 2019/20. Kwa hiyo tunao ushahidi wa takriban kizazi kimoja kwa pande zote mbili za mto.

Yaliyoonekana tangu miaka ya 1990

Tuanze pale nchi zote mbili zilipokuwa zimepiga magoti. Tanzania ilikuwa imetoka katika vita vya Kagera vya 1978 na 1979, na katika miaka ile ya foleni ambayo wazee waliopo hapa wanaikumbuka, sabuni kwa kibali, sukari kwa duka la kaya. Msumbiji walikuwa na hali mbaya kupita yetu. Walipata uhuru Juni 25, 1975, na kabla ya miaka miwili kupita vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza, visikome hadi Mapatano ya Roma ya Oktoba 4, 1992. Tunawiwa kukumbuka kwamba katika meza ile ya Roma walikuwapo Jumuiya ya Mtakatifu Egidio na Askofu Mkuu Jaime Gonçalves wa Beira. Kazi ya Haki na Amani si nadharia. Vita vilipokoma, wakimbizi milioni 1 na laki 7 walirejea Msumbiji kutoka nchi jirani.

Ripoti ya Benki ya Dunia ya mwaka 1994 iliiweka Msumbiji mwisho kabisa wa orodha ya nchi zilizopimwa, pato la mtu mmoja likiwa dola 60 kwa mwaka. Juu yake kidogo tulikuwa sisi na Ethiopia, dola 110. Ndipo tulipokuwa tumekaa, jirani na jirani, mkiani mwa dunia. Wakati huo nchi zote mbili zilikuwa zinatumia karibu kila kilichozalishwa, na Msumbiji walikuwa wanatumia zaidi ya walichozalisha, pengo likizibwa na misaada. Hapa ndipo panapodai uangalifu: nchi ambayo matumizi yake ni makubwa kuliko pato lake yaweza kuwa nchi inayoponda raha, na yaweza kuwa nchi inayolishwa mdomoni kwa sababu mashamba yake yametegwa mabomu. Tarakimu peke yake haisemi ni ipi kati ya hizo mbili.

Tangu hapo, pande zote mbili zilipanda. Kwetu, watu waliokuwa chini ya mstari wa mahitaji ya msingi walikuwa karibu 39 kati ya 100 mwaka 1991/92, wakawa 28 mwaka 2011/12, na 26 mwaka 2017/18. Wale wasioweza kupata hata chakula cha kutosha walishuka kutoka karibu 22 kati ya 100 hadi 8. Msumbiji walianza na maskini 69 kati ya 100 mwaka 1996/97, wakashuka hadi 54 mwaka 2002/03, wakakwama hapo kwa miaka sita, kisha wakafika 46 mwaka 2014/15.

Kisha njia zikaachana. Mwaka 2016 ilifichuka kwamba Serikali ya Msumbiji ilikuwa imedhamini mikopo ya siri, jumla yake pamoja na ile iliyojulikana ikikaribia dola bilioni 2, iliyochukuliwa mwaka 2013 na 2014 kwa jina la boti za uvuvi wa jodari na ulinzi wa pwani. Wafadhili walikata misaada, metical ikaanguka, bei zikapanda. Oktoba 2017 vita vikaanza Mocímboa da Praia. Mwaka 2019 zikaja tufani mbili, Idai mwezi Machi na Kenneth mwezi Aprili, hii ya pili ikapiga Cabo Delgado, jirani yetu kabisa. Utafiti wa 2019/20 ulikuta maskini wamerudi kuwa zaidi ya 60 kati ya 100. Kazi ya miaka 15 ya amani ilifutika kwa miaka 5. Tafadhali tusilisome jambo hilo kwa kujipongeza. Mvuvi wa Palma hakusaini mkopo wowote.

Upande wetu pia pana jambo la kutafakari. Kati ya 2011/12 na 2017/18 asilimia ya maskini ilipungua kidogo, lakini watu waliongezeka upesi zaidi, hivyo idadi ya maskini wenyewe ikapanda kutoka kama milioni 12 hadi kama milioni 14. Na kipimo cha tofauti baina ya walio nacho na wasio nacho, ambacho kwa miaka 20 kilikuwa hakijasogea sana, kilipanda. Uchumi ulikua, ndiyo. Lakini sehemu kubwa zaidi ya ukuaji ilikwenda kwa waliokuwa tayari wameshiba.

Bakuli lilelile kwa wote wawili

Sasa mwangalie tena tarakimu hizo. Tumesema 26 kwetu na zaidi ya 60 kwao. Je, ni halali kuziweka pamoja? Hapana, si moja kwa moja. Kila nchi imejichorea mstari wake. Mstari wetu wa mahitaji ya msingi mwaka 2017/18 ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi, yaani shilingi 1,644 kwa siku, kwa chakula, nguo, malazi, dawa na mengineyo yote. Mama wa nyumbani anayenunua dagaa na mafuta ya taa atauamua mwenyewe ukarimu wa mstari huo.

Wala kubadili fedha kwa bei ya benki hakutoshi. Shilingi yetu ilikuwa kama 17 kwa dola moja mwaka 1985, na mwaka 2015 ikapita 2,000. Msumbiji mwaka 2006 walikata sifuri tatu katika metical yao. Ukipima matumizi kwa fedha zinazoyeyuka namna hiyo, unapima barafu juani. Kwa hiyo wataalamu wa dunia hukusanya bei za vitu vilevile katika kila nchi, mchele, mafuta, kunyoa nywele, nauli, wakaona ni fedha ngapi zinazohitajika kununua kapu lilelile. Zoezi hilo limefanyika mwaka 2005, 2011, 2017 na 2021, na nchi zetu zote mbili zimo.

Kwa kapu hilo moja, na kwa mstari wa dola 2.15 kwa siku uliotumiwa na Benki ya Dunia kati ya 2022 na 2025, maskini wa Tanzania mwaka 2018 hawakuwa 26 kati ya 100. Walikuwa karibu 45. Wa Msumbiji mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 70. Watu ni walewale, vyungu ni vilevile, lakini kwa kipimo hiki karibu nusu yetu tumo. Kumbukeni hili tunapojivuna kwamba mwaka 2020 Tanzania iliingizwa katika kundi la nchi za kipato cha kati cha chini. Pato la wastani lilikuwa dola 1,080 na kizingiti kilikuwa dola 1,036. Tulipita mlangoni kwa dola 44.

Tuongeze mfano mmoja. Mwaka 2014 hesabu za taifa letu zilipitiwa upya, shughuli ambazo hazikuwa zikihesabiwa zikaingizwa, na Pato la Taifa la mwaka 2007 likaongezeka kwa karibu asilimia 28. Marekebisho yalikuwa halali na yalistahili kufanywa. Lakini usiku ule hakuna sahani ya ugali iliyoongezeka, Mtwara wala Mwanza.

Wastani wa mwaka na njaa ya mwezi

Wastani una kasoro nyingine, ambayo wakulima wanaijua kuliko wachumi. Ruvuma ya Septemba mtu huikanyaga kwa miguu juu ya mafungu ya mchanga. Ruvuma ya Machi humeza mitumbwi. Ndivyo yalivyo matumizi ya kaya zetu. Msimu wa korosho wa 2017/18 bei minadani ilifika shilingi 4,000 kwa kilo na kupita, na mavuno yalizidi tani 300,000. Tulisikia kejeli za mbuzi kunyweshwa soda. Tunasema kejeli, kwa sababu sisi tuliona pia mabati mapya, ada zilizolipwa mapema, na madeni ya uraka yaliyolipwa pia, tusifiche. Msimu uliofuata wanunuzi walitaka kushuka chini ya shilingi 3,000, Serikali ikaingia Novemba 2018 kununua yenyewe kwa 3,300, malori ya jeshi yakaja, na wakulima wengi wakangoja fedha zao kwa miezi. Utafiti wa 2017/18 ulianza Desemba 2017 na kuendelea mwaka mzima. Ndani ya wastani wake mmoja mmefungwa pamoja Desemba ya sherehe na miezi ya kula makopa.

Lipo pia lile ambalo haliingii kabisa katika fungu la matumizi ya kaya. Mitambo ya gesi ni vitega uchumi. Gesi ya Ghuba ya Mnazi iligunduliwa mwaka 1982. Mwaka 2013 watu wa Mtwara walipolalamika juu ya bomba la kuipeleka Dar es Salaam, damu ilimwagika. Na bomba lilizinduliwa mwaka 2015. Ng'ambo, mradi wa gesi wa Palma ulikadiriwa kuwa wa dola bilioni 20, ukasimama mwaka 2021 baada ya mji kushambuliwa mwezi Machi. Katika hesabu za taifa, fedha za namna hiyo huinua pato kwa ghafla huku chungu cha jirani wa mtambo kikibaki kilivyokuwa. Askofu Luiz Fernando Lisboa wa Pemba alilisema jambo hilo waziwazi alipokuwa huko, kwamba vijana wa Cabo Delgado wanaona utajiri ukipita mbele yao, na kwa kusema huko alitukanwa na wengi. Tukikataa kulisikia, tutakumbuka kwamba Oktoba 2020 vita hivyo vilivuka mto na kuchoma nyumba Kitaya, katika wilaya yetu.

Na hapa tunafika kwenye jambo linalotuuma. Vita vilipofikia ukali, karibu watu milioni 1 waliyakimbia makazi yao huko Kaskazini mwa Msumbiji, na mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kwamba maelfu waliovuka kuja kwetu walirudishwa. Tunaelewa hofu ya usalama. Waliouawa Kitaya walikuwa watu wetu. Lakini katika mazungumzo ya vijiweni tumesikia hoja ya namna nyingine: kwamba sisi tumeshaendelea, wao ni maskini, watakuja kutumaliza. Hoja hiyo inajengwa juu ya tarakimu zilezile tulizozisoma leo. Mtu anachukua 26 na 60, anajiona ni wa tabaka lingine. Katika ripoti ile ya mwaka 1994 tulikuwa dola 110 na wao 60. Kilichotutenganisha baadaye si akili wala bidii. Ni vita, deni la siri na tufani, na hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho maskini wa Msumbiji alikichagua. Papa Paulo wa Sita, katika waraka wake wa mwaka 1967 juu ya maendeleo ya watu, alifundisha kwamba wajibu wa mshikamano unayabana mataifa kama unavyombana mtu mmoja mmoja. Hakuweka humo sharti kwamba taifa kwanza liwe tajiri.

Kazi ya jumuiya

Tusiishie katika kusikiliza. Tunapendekeza kila jumuiya ndogondogo ichague kaya 3 zilizo tayari kwa hiari yao, na ikiwezekana moja yao iwe ya mjane au ya mgeni aliyetoka ng'ambo. Kila kaya iwe na daftari, na kwa siku 28 iandike kila kinachonunuliwa na kila kinachotoka shambani au baharini, kwa bei ya soko la kijiji. Zoezi lifanyike mara mbili: Desemba, fedha za korosho zikiwa zimeingia, na tena Februari. Asiyejua kuandika asaidiwe na mwanafunzi wa nyumba hiyo. Mwenyekiti ajumlishe, agawe kwa idadi ya watu na siku, aone kama kila mmoja amefikia 1,644, huku akikumbuka kwamba shilingi hizo zilikuwa za mwaka 2018 na bei zimepanda tangu hapo.

Pili, sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982 inautaka mkutano mkuu wa kijiji ukae walau mara moja kila miezi 3. Wajumbe wa Haki na Amani wahudhurie, waombe kwa adabu taarifa ya mapato na matumizi isomwe, na waulize kiasi gani cha ushuru wa korosho kimerudi kijijini, na kimefanya nini.

Daftari ziwe na nakala 2. Moja ibaki kwenye jumuiya, nyingine ifike kwa kamati ya parokia kabla ya Jumapili ya Matawi, na isiwe na jina la mwenye kaya.